Ombi la Kupunguza Maana ya Neno "Msherehekeaji"

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Pokea heshima zote anazostahili mtu aliyeyapitia maneno yetu yote bila kuchanganyikiwa. Mimi ni fundi seremala. Kamusi yako ninayo karakanani, juu ya kabati la misumari, na shule niliyoikosa utotoni nimeisomea humo wakati gundi inakauka. Sijawahi kukulalamikia. Leo umenifikisha hapo.

Umeandika: "msherehekeaji: mtu anayesherehekea." Ukaweka nukta, ukaenda zako kula. Hukujua kwamba maneno hayo machache yangetua sebuleni kwangu yakiwa na begi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kututembelea. Majirani wamemwita Hoihoi. Nilipomuuliza kwa upole anafanya kazi gani, alifungua kamusi yangu mwenyewe, akaweka kidole kwenye neno hilo: "Hii hapa, shemeji. Mimi nimo kitabuni. Wewe unayenuna, umeandikwa ukurasa gani?" Mke wangu akakata shauri palepale kwamba mtu mwenye kazi iliyoandikwa hafukuzwi. Tangu hapo analala kwenye kochi langu, na mimi taarifa ya habari naisikilizia jikoni, nimekalia ndoo.

Kasoro za maana yako ni hizi:

1. Hukusema jambo liwe kubwa kiasi gani. Maji yakirudi bombani, Hoihoi anapiga vigelegele. Soksi iliyopotea ikionekana, anaita majirani wa pande zote mbili, nao wanakuja, tena na watoto.

2. Hukusema jambo liwe limefaulu. Nilimtengenezea muuguzi mmoja kitanda. Kufika kwake, hakipiti mlangoni. Mlango haukupimwa, na sioni haja ya kutaja aliyepaswa kuupima. Nikiwa natafuta pa kuficha uso, Hoihoi akaanza makofi: "Kitanda cha watu wazito hiki, dada! Ulitaka kipite mlangoni kama paka?" Muuguzi alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Fremu ya dirisha ikang'olewa kwa nyimbo, kitanda kikaingia, na palepale akaagiza kabati. Akasema nalo lisipite.

3. Hukusema jambo liwe la nani. Alikuja mteja kuagiza jeneza la mjomba wake. Hoihoi hakuuliza, alipoona karatasi ya vipimo tu, akaruka: "Kazi imeingia!" Nilitamani ardhi ipasuke. Mteja akafuta machozi, akasema mjomba alipenda sana watu wa namna hiyo, akamwalika Hoihoi mazikoni akae na wafiwa. Mimi niliyelipiga randa jeneza sikualikwa.

4. Hukusema sherehe inaisha lini. Hapa ndipo kochi langu lilipopotelea.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo lisomeke: "msherehekeaji: mtu anayesherehekea jambo lake mwenyewe, kubwa, lililofaulu, kwa sauti ya wastani, kisha akaenda kwake." Kama nafasi ni finyu, futa neno lote. Ukishalifuta, futa na vifijo, nderemo na shangwe, maana atahamia humo. Ukiwa na kalamu bado mkononi, hata "shemeji" litazame. Lina maana pana mno kwa nyumba ya vyumba viwili.

Nisalimie wachapaji, wasahihishaji, na anayewapikia chai.

Wako katika usahihi,
Fundi, mwenye kochi kwa jina tu

Baada ya sahihi: Barua hii niliiacha mezani nikaenda kununua bahasha. Kurudi, Hoihoi ameshaisoma. Hakununa. Alikuwa amejaza majirani nyumba nzima: "Fundi wetu anamwandikia mhariri wa kamusi!" Nilibebwa juujuu kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, wakanitaka niisome kwa sauti. Nimeisoma. Kwenye kasoro ya pili walipiga makofi hadi mke wangu akasimama, nami nikairudia bila kuombwa. Ndugu Mhariri, nimepiga randa tangu ujana na sikujua makofi ni matamu hivi. Maana iache kama ilivyo. Ikipatikana nafasi ya picha pembeni ya neno, yangu nimeiweka humu kwenye bahasha.