Sabuni ya Kijani

Jumatatu, 7 Juni 1993. Changamwe.
Bwana Nassor, mwenye kiwanda chetu cha sabuni, ametukusanya asubuhi. Ile hoteli ya Shanzu inayonunua nusu ya sabuni yetu imeleta barua. Wageni wao wa Ulaya siku hizi wanauliza sabuni imetengenezwa wapi, na maji machafu yake yanakwenda wapi. Yetu yanakwenda horini, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya kiwanda. Ijumaa atakuja Bi Margret, mnunuzi wa hoteli, kujionea. Asiporidhika, watu kumi na wanane hawana kazi, nami nimo. Bwana Nassor akauliza nani ana rai. Nikainua mkono kabla sijaipata.

Mchana kutwa nimekaa dirishani nikitazama povu letu likielekea Mtongwe. Jeupe, la polepole, kama mawingu yaliyoshuka kupumzika. Nikaona akilini kibao kwenye mlango wangu: Stambuli, Mkuu wa Mazingira.

Jumanne, 8 Juni.
Tsofa, fundi wa matangi, naye ana rai. Achimbe shimo, alijaze mchanga na makumbi ya nazi, maji yachujike kabla ya kutoka. Mafuta yatakayoelea juu yarudishwe tangini yapikwe tena. Nikamwambia Mzungu hapandi ndege kuja kutazama shimo. Rai yangu ni sabuni ya kijani, na kwenye karatasi yake kasa anayetabasamu. Bwana Nassor akasema kila mtu afanye lake.

Tsofa alianza kuchimba palepale. Mimi nilichora kasa. Ametoka kama chungu chenye miguu, lakini ana furaha.

Alhamisi, 10 Juni.
Stoo hakuna rangi ya kijani. Nimepata ile ya kutilia ukili wa mikeka. Mke wangu Barke akauliza mikeka na sabuni wapi na wapi. Nikamjibu mambo ya mazingira ni mapana.

Ijumaa, 11 Juni.
Bi Margret amefika saa tatu. Nikamkaribisha anawe kwa sabuni yangu ya kijani. Mikono ikawa kijani hadi viwikoni. Akanawa tena, kwa sabuni ileile maana ndiyo iliyokuwapo. Kijani kikakolea.

"Hii inatoka lini?" akaniuliza, taratibu sana.

"Kwenye mikeka haitoki," nikasema. Nilikuwa namsifia rangi.

Tsofa akampeleka shimoni. Akachota gilasi ya maji yaliyochujika, Bi Margret akaiinua juani kwa vidole vyake vya kijani. Yalikuwa maangavu. "Hiki ndicho nilichokuja kukiona," akasema. Hoteli itaendelea kununua. Bwana Nassor anasema hata isingeendelea, shimo lingebaki, kwa jinsi mafuta yaliyookolewa yalivyo mengi. Sikujua tulikuwa tunamwaga sabuni nzima baharini.

Jumatatu, 14 Juni.
Tsofa ndiye mkuu wa mazingira. Mimi nimepewa beleshi, nizoe tope la shimoni, na Bwana Nassor amenitaka nitumie nafasi hiyo kutafakari.

Nimetafakari. Tope ni laini mno, lina harufu ya nazi. Nikawaona watalii wamejilaza ufukweni Shanzu, safu kwa safu, nyuso zimepakwa Tope la Urembo la Stambuli, kimya, wakipendeza polepole.

Nimejipaka mwenyewe kwanza. Linawasha, na jicho la kushoto halifunguki. Ina maana linafanya kazi. Kesho nampelekea Bi Margret kikopo.