Makopo Thelathini na Moja ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 9 Juni 1997. Kaniha, Biharamulo.

Leo ni miaka ishirini na mitano tangu nivuke Mto Ruvubu kutoka Burundi nikiwa na redio, kamusi na mke. Redio ilikufa. Kamusi ninayo. Mke, Nimpaye, ndiye aliyeleta habari ya leo: binti yetu Francisca anakuja Jumamosi kujifungua mtoto wa kwanza kwetu, kama ilivyo desturi, na atalala chumba cha nyuma. Nikasema chumba cha nyuma kina vitu. Akasema anajua, amekuwa akivipita kiubavu tangu mwaka sabini na nne.

Kwa uaminifu, vilivyomo: mabati ishirini na mawili. Fremu nne za madirisha. Mlango wa mninga. Majembe tisa yasiyo na mipini, mipini sita isiyo na majembe. Makopo thelathini na moja ya mafuta ya msaada, niliyookota Benaco kambi ya wakimbizi ilipofungwa. Vyote ni vya nyumba nitakayojenga kilimani kwetu Burundi siku nitakaporudi. Sioni hata kimoja cha kutupa.

Lakini chumba kisipopatikana, Francisca atajifungulia Nyakanazi kwa mama mkwe wake, Theodosia, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita. Theodosia! Huniita "mkwe wa kambini", ingawa sijalala kambini hata siku moja. Mjukuu wangu wa kwanza aoneshwe dunia katika chumba namba tatu, malori yakipiga honi dirishani? Haiwezekani. Kesho naanza kupunguza vitu.

Jumanne, 10 Juni.

Nimeanza saa tatu. Nilitoa kila kitu uani, nikaweka mafungu mawili: vya kubaki, vya kuondoka. Kufikia saa sita fungu la kuondoka lilikuwa na mpini mmoja wenye mchwa. Nilipouangalia vizuri, mchwa walikuwa upande mmoja tu. Nikaurudisha.

Akapita Sostenes, balozi wetu wa nyumba kumi, na baiskeli yake. Nyumba ya Sostenes ina meza, viti vinne na kalenda, naye hujivunia jambo hilo. Akauliza kama Mwalimu, ndivyo wanavyoniita hapa, anafungua duka. Nikasema nafanya usafi. Akasema hongera, ila usafi anaoujua yeye humalizika vitu vikiwa vichache kuliko mwanzo. Majirani walicheka. Nimewakumbuka waliocheka.

Jioni nikarudisha kila kitu ndani. Havikuenea. Asubuhi vilienea!

Jumatano, 11 Juni.

Njia imepatikana. Tatizo si vitu, ni mahali vilipo. Vikiwa kwenye nyumba za watu vitabaki vyangu, na chumba kitakuwa kitupu. Nimeanza na makopo: nyumba kumi na tisa, moja hapa, mawili pale. Nilikuwa mwangalifu na maneno. Sikusema natoa. Nilisema nawaazima. Verediana, mjane wa jirani, alisema hana haja ya kopo. Nikamsihi. Akapokea mawili, akiniangalia kama mtu mwenye homa.

Kimepatikana kipande cha sakafu cha kutosha mkeka. Nimpaye akauliza makopo yamekwenda wapi. Nikamweleza. Akaacha kupeta maharage, akauliza nimewaazima au nimewapa. Nimewaazima, nikasema; sijawa kichaa. Akasema, "Haya, Baba Francisca," kwa sauti ambayo niliisikia mara ya mwisho niliponunua jenereta isiyo na injini. Akaendelea kupeta.

Alhamisi, 12 Juni.

Mjinga ni mimi. Chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu. Hapa ni hivyo, na kwetu ng'ambo ni hivyo hivyo. Nimewafundisha watoto jambo hilo darasani!

Hata hivyo makopo yangekaa huko hata miezi miwili, kama si Sostenes. Jana jioni aliwatangazia watu kikaoni kwamba binti wa Mwalimu anakuja kujifungua, na kwamba Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa aibu, amepitisha makopo badala ya kuomba. Saa nne wakaanza kuja. Maharage. Karanga. Unga wa muhogo. Mtama wa uji wa mzazi. Kopo moja la Verediana lilikuwa na ndizi mbivu, jingine lina kuku, kichwa nje. Shikamoo Mwalimu, hongera Mwalimu. Marahaba, asanteni, pitisheni chumba cha nyuma. Ningesema nini?

Waliokosa kopo waliona wamesahauliwa. Wakaleta kwa vyombo vyao: vikapu vitano, mtungi, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Vyombo hivyo itabidi nivirudishe. Na si vitupu.

Sostenes alifika wa mwisho, mikono mitupu. Akachungulia chumba. "Nimekusaidia sana, Mwalimu," akasema. "Usinishukuru."

Sikumshukuru.

Ijumaa, 13 Juni.

Kuku ametaga ndani ya fremu ya dirisha. Mlango wa chumba haufunguki zaidi ya upana wa bega.

Nimependekeza mimi na Nimpaye tulale jikoni, Francisca apewe chumba chetu. Akanikumbusha kwamba alivuka mto nami akiwa na miaka ishirini, akalala porini siku kumi na moja. Kuna mambo mawili ambayo hatayafanya akiwa na arobaini na mitano, na kulala jikoni ni mojawapo. La pili hakulitaja. Sikuuliza.

Kondakta wa basi ameleta barua. Theodosia atamleta Francisca mwenyewe, "ili nione mazingira".

Jumamosi, 14 Juni.

Theodosia alishuka na mwavuli. Francisca alimfuata polepole, mkono kiunoni. Theodosia aliingiza kichwa kwenye upenyo wa mlango, kuku akampigia kelele. Akasema, "Mkwe, hapa hata mkunga atazaliwa upya akipita." Akaagiza mzigo usifunguliwe, watarudi na basi la saa nane.

Francisca aliniuliza jambo moja: Baba, hivi vyote ni vya nini? Nikasema ni vya nyumba ya kilimani. Akasema kilima hicho hajawahi kukiona, na miguu yake imevimba.

Nilianza kufafanua. Nimpaye hakungoja. Alisimama katikati ya uwanja, akaita neno moja: chukueni!

Sikujua kwamba tunaishi karibu na watu wengi hivyo. Ilichukua saa moja. Majembe yalikwenda kukutana na mipini ya nyumba nyingine. Sostenes alibeba mabati kumi na mawili ya kuezekea zizi la ng'ombe wake, akasema asante kwa adabu kabisa. Hilo ndilo lililoniudhi. Waliposhika mlango wa mninga nilisema hapana. Nimpaye akanitazama. Nikasema basi uwe kitanda. Tukaulaza juu ya matofali, tukaweka godoro. Francisca akajilaza, akasema ni mgumu lakini haubonyei, akalala usingizi papo hapo.

Theodosia alikagua pembe zote. Akafungua mwavuli mle ndani, akauzungusha, akaufunga. Haukugusa kitu. Akaondoka peke yake na basi la saa nane, na makopo mawili ya karanga. Nimempa. Nimesema mbele ya mashahidi: nimempa.

Jumatatu, 23 Juni.

Mtoto alizaliwa Jumatano mchana, chumba cha nyuma. Msichana. Anaitwa Happy. Sikushauriwa. Theodosia alikuja kumwona, akalala sebuleni kwenye benchi bila kulalamika, akakoroma.

Leo nilitumwa Nyakanazi kununua sabuni ya mtoto. Nyuma ya kituo cha mafuta kuna mtu anayevunja lori bovu. Nimerudi na usukani, viti viwili vya dereva na kioo cha mbele chenye ufa mdogo sana. Nimpaye akauliza sabuni iko wapi. Nimesahau sabuni.

Nimemweleza kwa utulivu kwamba hali ni tofauti kabisa. Vile vya zamani vilikuwa vya kuondoka navyo. Hivi ni vya kukaa. Vikipangwa vizuri vitaenea chumba cha nyuma, upande wa miguuni kwa Happy. Kesho nafuata milango ya lori.

Burundi sitarudi.