Paka Watatu na Chumba Chenye Dirisha

Jumatatu, 3 Machi

Mama Krish ameondoka. Leicester, Uingereza, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano.

Kabla ya teksi kufika alituita jikoni, mimi na Everlyn mpishi, akatuonyesha mashine tatu mpya za kulishia paka. Kila mashine ina sahani na kifuniko. Kila paka ana chipu chini ya ngozi ya shingo. Paka akisogea, mashine inasoma chipu. Kama chakula ni chake, kifuniko kinafunguka. Kama si chake, akae na njaa yake. Na kila gramu inayotoka kwenye sahani inaandikwa papo hapo kwenye simu ya Mama Krish, hata akiwa Leicester.

Haya yote yameletwa na paka mmoja, Laddu. Laddu anakula chakula chake, cha Pilipili, na cha Rani. Pilipili ni kijana, atapona. Lakini Rani ni bibi kizee, figo zake mbovu, anatakiwa kula chakula cha daktari tu. Mama Krish aliuliza nani kati yetu atawafundisha paka kutumia mashine. Everlyn alikuwa bado anafikiri. Mimi nikasema hizi mashine nazijua vizuri.

Sijawahi kuziona. Mimi kazi yangu ni bustani.

Lakini nina sababu. Tangu dereva Kisilu arudi kwao Machakos, chumba chake kiko wazi. Kina dirisha. Kina mfereji wake wa maji. Mimi nalala stoo na mashine ya kukata nyasi. Mke wangu Awiti alikuja kunitembelea Agosti, akalala usiku mmoja katika harufu ya petroli, asubuhi akasema hakuolewa na mashine, akarudi Ugunja. Namkosa sana Awiti. Mama Krish amesema mambo ya chumba ataamua akirudi, baada ya kuona kazi ya paka imekwendaje.

Jioni nimempigia Awiti. Nimemwambia chumba kimepatikana. Atakuja Jumapili ya tarehe kumi na sita. Sijadanganya sana, nimetangulia tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma kijitabu cha mashine. Kinasema kifuniko kiachwe wazi siku nne paka wazoee. Kisha kisogee kidogo. Kisha kidogo tena. Hatua sita, karibu wiki mbili! Huo ni mwendo wa paka wa Ulaya. Hawa wamezaliwa Lavington, wameona mengi.

Nimefanya hatua zote sita kati ya saa mbili na saa nne asubuhi.

Kifuniko kilipofunga kililia vuuu. Pilipili akapanda pazia la sebuleni mpaka juu, akabaki huko. Rani akaingia nyuma ya friji. Laddu peke yake alisimama, akaitazama mashine kama mtu anayedai haki yake.

Everlyn alichukua kijitabu, akakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, midomo ikicheza. Akaniambia, "Were, hii kitu inataka pole pole." Nikamjibu kwamba mpishi asome mambo ya sufuria. Chakula changu cha mchana kimekuja bila mboga.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua shida. Ni kelele. Nimeenda River Road kununua mafuta ya cherehani ya kulainisha vifuniko. Kwa vile nilikuwa huko, nimenunua pia pazia. La buluu, lina maua ya manjano. Awiti anapenda manjano.

Mashine sasa ziko kimya kabisa. Tatizo ni kwamba chakula kinanuka cherehani. Paka wote watatu walinusa wakaondoka, hata Laddu. Mtu akifanya Laddu akatae chakula, amefanya kazi ambayo daktari imemshinda miaka mitatu. Nimeziosha kwa sabuni. Kelele imerudi.

Mama Krish amepiga simu. Anauliza mbona Rani amekula gramu sifuri tangu jana. Nikasema paka wazee hufunga mara mojamoja. Yeye mwenyewe hufunga kila Jumatatu, kwa hiyo nilijua ataelewa. Akasema leo ni Jumatano.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa! Omena, wale dagaa wa ziwani.

Nieleze kidogo. Katika nyumba hii hailiwi nyama. Wala samaki, wala yai. Chochote kilichokuwa na macho hakivuki kizingiti cha jikoni. Chakula cha paka huja kwenye pakiti zilizofungwa, na Mama Krish huzifungua akiwa ameangalia pembeni. Husema paka hawakuzaliwa katika dini yake, hawezi kuwalazimisha. Lakini Oloo, askari wa geti, hula omena kila mchana kwenye kibanda chake. Na Laddu anaijua saa ya chakula cha Oloo kuliko Oloo mwenyewe.

Nimemwomba Oloo konzi moja. Akauliza, "Buda, za wewe ama za hao paka?" Nikasema ni utafiti. Nikaziweka kwenye sahani zote tatu.

Wamekuja! Pilipili ameshuka kwenye pazia. Rani ametoka nyuma ya friji, akasogeza kichwa, mashine ikamsoma, kifuniko kikafunguka, hakukimbia. Nilipiga kelele za furaha. Nusu dakika baadaye Laddu alisukuma bega lake pembeni ya Rani, akaingiza kichwa kwenye sahani ileile, akamaliza. Rani aliambulia samaki wawili.

Everlyn alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni. Akaniuliza kama sijui omena si chakula cha mgonjwa wa figo. Akafungua madirisha yote. Akasema siku Mama Krish atakaponusa harufu hii, yeye hayumo. Akamchukua Rani na chakula chake cha daktari, akaenda kumlisha chumbani kwake kwenye kisahani, kama mtoto. Atafanya hivyo asubuhi na jioni, mpaka mimi nitakapopata akili. Hayo ni maneno yake.

Nimesugua jikoni kwa ndimu mara tatu. Harufu ipo palepale, sasa ina ndimu.

Jumamosi, 8 Machi

Rani anashiba kwa Everlyn, lakini simu ya Mama Krish haijui. Simu inaona sifuri. Kwa macho ya simu, Rani anakufa njaa, na chumba changu kinakufa naye.

Leo nilikuwa napekua maboksi ya mashine. Chini kabisa, ndani ya kila boksi, kuna kidude cha plastiki kama kifungo cha koti. Kijitabu kinasema ni cha kumvika shingoni paka asiye na chipu. Unabonyeza kitufe, mashine inakijua, basi. Na chochote kinachofungua mashine ya Rani huandikwa Rani.

Nimekivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikainama mbele ya mashine ya Rani. Vuuu! Ikafunguka. Nikachota gramu ishirini kwa kijiko, nikazirudisha kwenye pakiti. Chakula hakipotei, paka anashiba kwa Everlyn, Mama Krish analala. Nani ameumia?

Baada ya dakika kumi zikaja mioyo mitatu kwenye simu yangu. Myekundu yote. Mama Krish anasema Rani amekula!

Jumatatu, 10 Machi

Nala mara nne kwa siku. Namaanisha Rani. Asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Kiuno kinauma kidogo kwa kuinama.

Mama Krish anasema alijua ninazifahamu hizi mashine.

Leo ufunguo wa chumba cha dereva ulikuwa kwenye msumari wake jikoni. Niliingia nikatundika pazia, nione tu linavyokaa. Jua la saa kumi linapita kwenye yale maua, sakafu yote inakuwa ya manjano. Nilikaa chini katikati ya chumba kwa muda. Nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nifike Nairobi. Nilipotoka nilimkuta Everlyn nje, ameshika ndoo. Nikamwambia najua na yeye anakitaka. Akasema, "Mimi niko na changu, Were." Simwamini. Mtu mkimya hivyo ana mpango.

Jumatano, 12 Machi

Mkosi.

Asubuhi Everlyn alimpeleka Rani kwa daktari kupimwa damu. Mama Krish mwenyewe ndiye aliyeagiza. Everlyn anasema aliniambia. Labda aliniambia, nilikuwa nakata ua na redio ilikuwa masikioni. Mimi nilijua Rani yuko chumbani kwa Everlyn kama kawaida. Saa sita nikala gramu ishirini na tano. Saa tisa, ishirini.

Saa kumi simu ikalia. Mama Krish akaniuliza, kwa upole sana, Rani yuko wapi. Nikasema yuko hapa jikoni mbele yangu, anakula vizuri, mpaka raha. Akasema daktari ametoka kumtumia picha ya Rani akiwa juu ya mizani.

Nikachungulia nyuma ya friji.

Akauliza basi ni nani aliyekula.

Hapo ndipo mwanamume anapopimwa. Nikasema mashine imechanganyikiwa. Si kosa lake, ni mahali. Jikoni kuna mvuke, kuna sufuria, kuna friji, watu wanapita. Mashine hizi ni nyeti. Zinataka chumba chao, kilicho kimya, chenye dirisha, sakafu kavu, mfereji karibu wa kuoshea sahani. Huko hata Laddu atakosa pa kujificha. Niliongea kama robo saa. Aliniuliza nimeyajuaje yote hayo. Nikamkumbusha kwamba nazijua.

Akasema atalifikiria. Hakuuliza tena nani alikula. Nimejiokoa!

Jumamosi, 15 Machi

Amerudi. Alipita mlango wa mbele, akapita sebuleni, akaingia jikoni, akasimama. Pua ikainuka.

Aliuliza nani amepika samaki nyumbani kwake. Everlyn, Rani mikononi, akaangalia dari. Mimi nikaona ni vyema nijishughulishe. Nikainama kuchukua sanduku lake, na sanduku lilikuwa karibu na mashine ya Rani.

Vuuu.

Nikarudi nyuma, kifuniko kikafunga. Nikanyoosha mkono tena kwenye sanduku, kikafunguka. Kidude kilikuwa kimetoka ndani ya shati, kinaning'inia.

Mama Krish aliniomba nisogee mara moja zaidi. Nikasogea. Ikafunguka. Akaniuliza, "Were, kumbe Rani ni wewe?" Rani halisi alinitazama kutoka mikononi mwa Everlyn, akapiga miayo.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake Mama Krish alianza kucheka. Alicheka mpaka akavuta kiti, mpaka akafuta macho kwa upande wa sari. Kisha akaacha kucheka, akahukumu. Kidude akakitaka, nikampa. Mashine zilizokaliwa na samaki hazitabaki jikoni kwake hata saa moja. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilimweleza kwa kirefu kwamba zinahitaji chumba kimya, chenye dirisha na mfereji, basi kipo. Chumba cha dereva. Everlyn atawafundisha paka huko, ukurasa kwa ukurasa, na ufunguo atakaa nao yeye.

Nilizibeba mashine mwenyewe. Zote tatu. Mama Krish alikuja kuona, akauliza lile pazia zuri limetoka wapi. Nikasema ni langu. Akasema libaki, linapendeza, paka watalifurahia.

Nilirudi stoo nikakaa juu ya mashine ya kukata nyasi. Sioni aibu kuandika kwamba nililia. Kisha nikampigia Awiti nimweleze asije. Akapokea akiimba. Ameshafunga mzigo, amesuka nywele. Nikamwambia asisahau koti, Nairobi kuna baridi.

Jumapili, 16 Machi

Awiti amefika saa kumi na moja jioni, na kuku wa zawadi kwa Mama Krish mkononi, mzima, amefungwa miguu. Oloo amemhifadhi kuku getini.

Aliona dirisha kutokea mbali. Aliona maua ya manjano. Akanishika mkono, mbele ya Oloo! Alikwenda moja kwa moja akachungulia. Ndani kuna paka watatu na mashine tatu, vifuniko vyote wazi, hatua ya kwanza. Laddu amelala katikati ya sakafu, juu ya jua lote.

Akauliza ni nani anayekaa hapa. Nikaeleza. Nilianzia Leicester. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alijua yuko nyuma ya mashine ya nyasi, lakini hakujua kwamba yuko nyuma ya paka pia. Hilo limeniuma kuliko yote. Everlyn amempa nusu ya kitanda chake. Nawasikia huko wanacheka. Jumanne anarudi Ugunja.

Lakini si lazima.

Kesho fundi anakuja kutoboa mlango wa kile chumba na kuweka kijimlango cha paka, nacho kinafunguka kwa chipu. Mama Krish amenionyesha boksi lake. Sasa, kidude alichoninyang'anya ni kimoja. Maboksi ya mashine yalikuwa matatu. Nimepima: mkono wangu unapita kwenye kijimlango mpaka begani, na komeo la ndani liko shubiri mbili tu juu ya pale kitakapowekwa. Everlyn akae na ufunguo wake. Paka hawasemi.

Kijimlango kina kijitabu chake, kurasa kumi na nane. Sijakifungua. Hivi vitu navijua vizuri.

Nimegonga kwa Everlyn, nikamwambia Awiti asifunge mzigo Jumanne. Chumba kimepatikana.