Mnong'ono wa Killeen

Jumanne, saa tatu asubuhi, mjini Killeen, Texas, Kamati ya Ukweli wa Masikio ilifungua milango yake, nami katibu nikabandika tangazo: kampuni yetu, iliyolitengenezea jeshi viziba masikio, itamsikiliza kila askari mstaafu anayedai kuwa vililegea vitani na kumharibia usikivu.

Utaratibu ulikuwa wa haki. Mwenyekiti, Bwana Bradford Lyle, aliita kila jina mara moja, kwa sauti ya chini. Aliyeitika alithibitika kuwa anasikia, dai likafutwa. Asiyeitika aliandikwa hakuhudhuria; dai likafutwa. Kazi ilikwenda kwa kasi ya kuridhisha.

"Wendell Oakes."

Sajenti Oakes, mpiga mizinga mstaafu, alitulia tuli. Mkewe, Loretta, akampiga kiwiko.

"We Wendell, unaitwa!"

"Nipo!"

Mwenyekiti akaniagiza niandike kwamba mdai anasikia kwa mbavu.

"Ati mbavu!" Loretta akainuka. "Bosi, huyu alikuwa dereva wa basi la shule. Dereva lazima asikie mnong'ono, ndiyo sheria. Kaufeli mtihani, wamemnyang'anya leseni. Siku hizi anashinda nyumbani akigombana na televisheni!"

"Mama, viziba vyetu havipitishi hata mlio wa mbu."

Jaji Marisol Treviño, aliyetumwa na mahakama kutusimamia, aliuliza kama upo ushahidi. Mwenyekiti akavitia viziba masikioni, akatugeuzia mgongo.

"Haya, pigeni hata mzinga!"

Loretta akamweleza mumewe yanayoendelea, kwa sauti iliyotikisa madirisha. Sajenti akaomba ruhusa ya kumpa mwenyekiti mtihani uleule uliomnyima leseni. Jaji akakubali kwa kichwa. Sajenti akasogea nyuma ya mwenyekiti, akanong'ona:

"Kaka, lile gari lako jekundu linakokotwa."

"Nani kawaambia waliguse?" Mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni.

Gari lilikuwepo, zima. Akarudi akihema.

"Viziba bado vimo?" Jaji akauliza.

"Vimo, mheshimiwa. Vimekaza barabara."

Jaji akaamuru dai la Sajenti Oakes likubaliwe, na yote yaliyofutwa asubuhi hiyo yafunguliwe upya.

Mwenyekiti alieleza, kwa masikitiko, kwamba kwa sababu ya ubora wa viziba hakuusikia uamuzi.

Jaji akaurudia kwa mnong'ono.

Mwenyekiti akakata rufaa papo hapo.