Seva Kwenye Mafiga ya Mwajabu

Badru alikuwa amefika nusu ya bakuli la supu, kibandani nyuma ya stendi ya Kibiti, alipomsikia dereva wa bodaboda akimsimulia mwenzake habari za Mzee Huseni. Mzee huyo aliuza ufuta mnadani, akalipwa, na badala ya kununua bati kama watu wenye akili, akanunua spika mbili zinazomfika kifuani na kuzijengea chumba. Kila siku hujifungia humo na taarabu za zamani. Mtu akipiga chafya sebuleni, anafukuzwa. Dereva alicheka sana. Badru hakucheka. Alisukuma bakuli pembeni, akauliza nyumba iko upande gani.

Mtu aliyekwisha kununua spika za namna hiyo ana ugonjwa, na Badru alikuwa ameshawatibia wanne, kuanzia Mbagala hadi Mkuranga. Dawa ilikuwa begini: sanduku jeusi la chuma, lenye taa moja ya buluu na maandishi ya dhahabu. Aliliita seva ya muziki. Ndani mlikuwa na kilo tano za mchanga wa kuleta uzito, betri ya ile taa, kipande cha waya, na simu yake mwenyewe, ambayo ndiyo iliyoimba. Zamani simu ilikaa mfukoni na kuziimbisha spika kwa mbali, mpaka siku moja alipokwenda msalani kwa mteja na muziki ukakatika. Tangu hapo simu ilihamia sandukuni.

Kwa Mzee Huseni, Badru alivaa glavu nyeupe kabla ya kuligusa sanduku, na glavu hizo peke yake zilikuwa nusu ya bei. Alimweleza mzee kwamba simu huutafuna muziki kabla ya kuutoa, ndiyo maana udi na fidla hufika masikioni vimepondwa pamoja. Seva haitafuni. Kila chombo kinakaa kwenye kiti chake. Ila si kila sikio linaweza kuisikia tofauti hiyo. Kuna mkurugenzi mmoja mjini alishindwa, akarudishiwa hela zake kwa kuonewa huruma.

Wimbo ukapigwa kwa simu ya mzee. Kisha wimbo uleule kwa seva, na Badru, alipokuwa akirekebisha alichokiita mlalo wa waya, akaongeza sauti kidogo sana. Huo ndio ujuzi wote wa kazi hii: kitu kikilia kwa nguvu kidogo zaidi, binadamu ataapa kwamba kimelia vizuri zaidi.

Mzee Huseni alifumba macho. "Nimemsikia mpiga fidla akivuta pumzi," alisema.

"Ni wachache wanaomsikia, mzee wangu."

Mlangoni alikaa mkewe, Mwajabu, akipeta mchele. Mama huyu alikuwa ametunza ngoma za mwali kwa miaka thelathini, na ngoma iliyolegea aliijua kabla haijaguswa. Nusu ya ufuta ule aliupanda na kuupalilia yeye. Aliomba mashine ya kukoboa mpunga, akaambiwa hela haitoshi, kisha akaona spika zikishushwa kwenye gari. Ilimuuma, na bado inamuuma. Alisema yeye amesikia sauti imepanda tu. Mumewe akamjibu kwamba masikio yake yamezoea ngoma.

Badru aliharakisha. Seva hii, alieleza, haifunguki sauti siku moja. Inataka kukaa na joto siku saba bila kupigwa, na asiifungue mtu. Bei ni milioni tatu. Mzee akataka kulipa kwa simu, na jina lililotokea lilikuwa la Johari. Badru akasema huyo ni mhasibu wao. Kwa kweli Johari alikuwa mpika chapati wa Mbagala, aliyemwazima kidole cha kusajilia laini kwa shilingi elfu mbili, kisha akahama na kidole chake, Badru asijue wapi.

Mzee alibonyeza. Wimbo ulikuwa umefika pale mwimbaji anaponyamaza kidogo. Spika zote mbili zikatoa mlio wa ujumbe kuingia, ting, safi kuliko chochote kilichosikika humo tangu asubuhi.

"Kengele hiyo sijawahi kuisikia kwenye wimbo huu," Mzee Huseni alinong'ona.

Mwajabu aliacha kupeta.

Badru aliomba aachwe na sanduku dakika tano akaze waya. Huo ulikuwa wakati wa simu kutoka na jiwe la uzito uleule kuingia. Lakini Mwajabu alishasimama.

"Kwetu ngoma mpya ikishalipiwa, fundi haigusi tena," alisema. "Inakwenda jikoni kwa mtunza ngoma, inapashwa moto wa mafiga usiongoja siku saba, inarudi kuchezwa mbele ya watu. Fundi akiishika katikati, sauti inaondoka naye."

Mzee Huseni hakuweza kubisha. Alizaliwa humo humo kwenye ngoma hizo, na fundi mwenyewe ndiye aliyesema habari za joto. Adhana ya adhuhuri ikaita. Akaaga, akaahidi kurudi kutoka msikitini na majirani waje kusikiliza. Badru akasema yeye msafiri, atasali mbele ya safari.

Jikoni, sanduku lilikaa juu ya mafiga.

"Mama, hicho ni kitu cha umeme."

"Ulisema kinataka joto."

"Joto la kiasi, mama."

"Hiki ndicho kiasi," Mwajabu alisema, akapuliza.

Harufu ya plastiki ilianza kutoka. Humo ndani kulikuwa na milioni tatu za Mzee Huseni na karibu mbili za wagonjwa waliotangulia, na simu ikiungua hakuna wakala ambaye angeirudisha laini ile bila kidole cha Johari. Badru alitokwa jasho ambalo si la moto.

"Mwanangu," Mwajabu alisema taratibu, "nipe namba ya siri ya hiyo inayolia humo ndani. Msikitini watatoa salamu sasa hivi, na wanaokuja ni wapakiaji wa magunia."

"Tugawane nusu kwa nusu."

Mwajabu aliongeza ukuni.

Badru akazitaja tarakimu nne. Akalifungua sanduku mwenyewe, glavu zikiwa bado mikononi, na Mwajabu akazihamisha hela zote kwenye simu yake mwenyewe, mara mbili kwa kuwa hazikukubali kwenda kwa mkupuo mmoja, bila haraka. Kisha akamrudishia Badru simu, ya moto kama kiazi, pamoja na noti ya elfu kumi.

"Nauli hiyo," alisema. "Mimi si mwizi."

Majirani walipofika, Badru aliziunganisha spika na simu ya Mzee Huseni mwenyewe, akaeleza kwamba kuanzia sasa seva itazichukua nyimbo humo na kuzisafisha. Waya uliingia sandukuni na kuishia mchangani. Wote walisikiliza. Hakuna aliyetaka kuwa yule mkurugenzi, ambaye Mzee Huseni alikuwa ameshawasimulia njiani. Badru alipanda gari la kwanza la kwenda Dar, na lilipopita Mkuranga aliinamisha kichwa.

Msimu wa mpunga, mashine ya kukoboa ya Mwajabu ilisimama chini ya dirisha la chumba cha muziki. Mumewe aliambiwa imetokana na kikoba cha akina mama, na hakuuliza zaidi. Mashine hunguruma kutwa nzima, kuta zikitetemeka. Mzee Huseni halalamiki hata kidogo. Wateja wanaotoka Mbuchi na mpunga wao huwakaribisha ndani wasikilize wakati wakisubiri, na mpaka leo hajatokea hata mmoja ambaye hakumsikia mpiga fidla akivuta pumzi.