Supu ya Mwanzilishi

Jumatatu, 3 Februari
Maduka yamerudisha supu yangu ya unga. Yote! Ghala limejaa hadi madirishani. Eti haiyeyuki na inanuka soksi. Watu wasio na ulimi! Kwa kinyozi nimemkuta jirani yangu mwenye kiwanda cha biskuti, kitambi mbele, kicheko cha fisi. Kaniambia mbele ya watu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na supu yangu imetembea mpaka imechoka, imerudi nyumbani. Nimeondoka nimenyolewa shavu moja. Njiani akili ikaniwaka. Kwani si mimi mwanzilishi wa shule ya bweni? Wasichana mia na ishirini, geti moja, duka hakuna. Wataila wapende wasipende. Nimezaliwa na kipaji!

Jumanne, 4 Februari
Nimepeleka lori shuleni mwenyewe. Mwalimu mkuu, mama mkavu kama chaki, kanipokea kwa kuniita mzee. Nina miaka hamsini na mmoja tu! Kasema watoto wamekuja kusoma, si kumaliza mzigo uliokataliwa madukani. Nikamuuliza jina lililo juu ya geti ni la nani. Kajibu kwamba jina haliliwi. Jikoni ndiyo balaa. Mpishi ni dada yangu mkubwa, niliyempa kazi kwa huruma. Kakoroga sufuria, mwiko ukasimama wenyewe. "Mdogo wangu," akasema, "hii ni ya kunywa au ya kukandika ukuta?" Nimeamuru ipikwe mchana na jioni. Undugu ni undugu, lakini sufuria ni zangu.

Jumatano, 5 Februari
Wasichana wamegoma. Wangefanya fujo ningewafukuza. Wamegoma kwa adabu! Shikamoo kwa sauti moja, kisha mikono mapajani, kijiko hakikuguswa. Kiongozi wao ni binti yangu wa kumzaa. Ubishi huo kaurithi kwa mama yake. Mwalimu mkuu kamwita mkaguzi wa elimu. Akiandika vibaya, bweni linafungwa. Sina wasiwasi. Kesho nitakula bakuli zima mbele yake.

Alhamisi, 6 Februari
Siku ya mkosi! Asubuhi mke wangu kakataa kunipikia, eti nikanywe supu. Nikanunua biskuti kibandani. Zilikuwepo za jirani tu. Nikazificha mfukoni mwa koti. Mchana, katika ukumbi wa chakula shuleni, mkaguzi, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu, akaketi kulia kwangu. Kijiko cha kwanza nikameza, nikatabasamu. Cha pili kikakwama kooni. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikatia biskuti mdomoni. Kumbe nimevaa makubadhi! Binti yangu akachungulia chini ya meza. "Baba, tugawie na sisi!" Ukumbi mzima ukasikia. Pakiti ikaniponyoka, ikaangukia miguuni mwa mkaguzi. Kaisoma taratibu, kaniuliza kwa upole kama na hizo nazitengeneza mimi. Kisha kaonja supu. Kaomba maji. Kaomba tena. Hukumu: bweni libaki wazi, ila bidhaa yangu yoyote isivuke geti, na chakula waamue mwalimu mkuu na dada yangu.

Nikitoka, binti kanishika mkono. "Shule yako nzuri, baba. Tunaipenda. Utuache tu tule." Nilihisi kitu kifuani. Nadhani ni kile kijiko cha pili.

Ijumaa, 7 Februari
Jirani kaleta shuleni katoni za biskuti, bure, na barua ya kunishukuru kwa kumtangazia biashara. Kapigiwa makofi. Mnafiki! Dada kapika maharage, sahani zimelambwa. Nimepita dirishani mara tatu. Hakuna aliyeinua kichwa.

Jumapili, 9 Februari
Nimetulia, nimefikiri, kosa nimeliona. Supu haina kasoro hata chembe! Kosa lilikuwa kuwapa watoto wenye afya, wenye meno, wenye nguvu za kugoma. Nimeshapata kiwanja nyuma ya kiwanda. Naanzisha hospitali. Ya wagonjwa wa kulazwa.