Malalamiko Kuhusu Wateja Wanaoniongoza Nikiwa Kabatini

Kwako Mama Laurentine, Msimamizi wa Sauti, Columbus.

Natumaini hujambo, pamoja na wote hapo ofisini Clintonville. Kwa heshima kubwa nalalamikia kazi ya Jumanne, niliposoma tangazo la zahanati moja ya Louisville linalowaomba kwa Kiswahili wazee wetu wa huko waende kupimwa shinikizo la damu.

Kama ujuavyo, studio yangu hapa Cheektowaga ni kabati la nguo. Nilisimama humo katikati ya makoti ya baridi, wateja wakinisikiliza mtandaoni na kuniongoza papo hapo. Hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Hilo halikuwazuia.

1. Bwana mkubwa wao alisema, "Nzuri sana. Sasa irudie, ila nisikie unatabasamu." Nikatabasamu. Akasema tabasamu halijafika Louisville. Naomba mwongozo wa ofisi: mtu akitaja kiharusi, aonyeshe meno mangapi?

2. Bibi wa matangazo aliona "shinikizo la damu" ni refu kuliko picha yake ya video. Akauliza kama naweza kuacha neno moja. Nikamwuliza lipi. Akajibu, "Lolote." Yaani tuwaite wazee waje washinikizwe.

3. Kijana aliyekuwa kimya muda wote akaomba Uafrika zaidi. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Kama kuna Uafrika niliousahau huko, atume mtu akauchukue.

4. Mke wangu Margareta alifungua kabati akasema, "Dionizi, nipe koti langu, nachelewa kazini." Louisville nzima ikauliza kama huyo mama ana nafasi ya kusoma badala yangu. Tangu hapo, nikiomba chumvi mezani, Margareta huniambia nirudie kwa hisia.

5. Yule bwana wa tabasamu hakuchoka. "Usitangaze," alisema. "Mbembeleze mtu mmoja asiyetaka kuja." Nilikuwa nimelowa jasho. Nikabembeleza ili nitoke tu. Wakaichukua hiyo, na sauti yangu nzuri ya redio wakaitupa.

Kwa hiyo naomba wateja wazimiwe vipaza sauti. Ikishindikana, wazibwe masikio. Ikishindikana hilo nalo, safari ijayo waingie wao kabatini wasome Kiswahili, nami nikae Louisville na kahawa yangu, nikiwaambia warudie kwa upendo.

Wasalimie wote, hasa fundi wa sauti Bisogo, aliyecheka tukirekodi akidhani hatumsikii.

Wako mtiifu, kutoka kwenye makoti,
Dionizi

N.B. Nikiwa sijatuma barua hii, shangazi yangu Karaha amepiga simu kutoka Louisville. Alikataa kupimwa alipoombwa na binti zake, na mchungaji, na mimi mwenyewe. Tangazo likamfikia kwenye simu, akadhani ninalia, akaenda. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba hawakumruhusu kurudi nyumbani. Sasa anakula vizuri na kuwagombeza wauguzi. Ameniambia, "Siku zote ulikuwa unanihutubia. Safari hii umeniomba."

Basi hesabu kwamba barua hii haijafika. Yule bwana wa tabasamu aendelee kuniambia nirudie apendavyo. Ila tafadhali, Mama, asiambiwe kwamba alikuwa sahihi.